Kutoka Karimjee hadi Kinyerezi: tukilitafuta Bunge kwenye umeme wa Dar

Jumatatu, 3 Machi 2025. Mabibo hadi Posta

Elfu 10 ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa sisi watumiaji wa kawaida wa daraja la T1, ni uniti 28. Meseji inayoleta zile namba za kubonyeza kwenye mita huchanganua na fedha yenyewe: umeme shilingi 8,197, VAT 1,475, REA (nishati vijijini) 246, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 82. Ukinunua kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi kuna na kodi ya majengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, ambayo hukatwa kabla ya yote, na uniti zinashuka hadi 23 na ushee.

Mpwa wangu anasoma sheria Mlimani na Ramadhani hii anafuturu kwangu. Jana, sahani zikiwa bado mkekani, alidai kuwa wabunge hawana lolote kwenye nishati zaidi ya kugonga meza, kwa sababu sera hupitishwa na Baraza la Mawaziri. Kwa vitabu, hakukosea. Sera ya Taifa ya Nishati ya 1992, ya 2003 na hii ya 2015 zote ziliandikwa wizarani zikapita kwa mawaziri, na hakuna mbunge aliyezipigia kura. Mimi nimefundisha Uraia mpaka nikastaafu, siwezi kuliacha neno kama hilo lilale. Nikampa simu, nikamwambia anionyeshe kwenye meseji ya LUKU mstari ambao haukupigiwa kura na wabunge.

Alikaa nayo kitambo. VAT ya asilimia 18 ni sheria ya Bunge. REA asilimia 3 inatokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005. EWURA asilimia 1 ina sheria yake ya 2001. Kodi ya majengo iliingizwa kwenye LUKU na Sheria ya Fedha ya 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi, ikaongezwa hadi 1,500 mwaka 2023. Ibara ya 138 ya Katiba haina kona: hakuna kodi bila sheria iliyotungwa na Bunge. Kilichosalimika ni bei ya uniti tu, shilingi 292, ambayo EWURA huipanga baada ya kupokea maombi na kuwasikiliza wadau, na hata hiyo EWURA haikujizaa yenyewe.

"Sawa shangazi," akasema, "basi kesho tukalitafute Bunge hapa hapa Dar." Alisema kwa dhihaka. Asubuhi nilimgongea mlango.

Tulipanda mwendokasi Urafiki, tukashuka Posta ya Zamani, tukatembea hadi Karimjee. Vijana wengi wanaupita ukumbi huu wakiujua kwa hafla na misiba ya wakubwa. Bunge lilikaa humu miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma. Mpwa alitaka kujua wabunge wa wakati ule waliamua nini kuhusu umeme. Nilimjibu kuwa machache. Mjerumani alileta umeme hapa mjini mwaka 1908, kwa karakana za reli na nyumba za wakubwa wake. Mwingereza akatunga Sheria ya Umeme mwaka 1931. Uhuru ukaja, Serikali ikachukua hisa za kampuni ya umeme kuanzia 1964, Kidatu ikajengwa, Mtera ikajengwa, na sheria ni ile ile ya Mwingereza. Enzi za chama kushika hatamu, uamuzi wa wapi bwawa lijengwe ulifanyika kwenye vikao vya chama na Serikali, na mbunge akaja kuusikia kama sisi wengine. Sheria ya 1931 ilifutwa mwaka 2008. Ilidumu miaka 77. Mpwa alidhani natania.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi Mtaa wa Shaaban Robert, kwenye ofisi ndogo ya Bunge. Zamani kamati zilikuwa zikikutana hapa, na ungeweza kumkuta mbunge wako nje akinunua gazeti. Siku hizi kamati ziko Dodoma. Mlinzi alitupokea kwa heshima, "Shikamoo mama," akauliza tuna miadi na nani. Hatukuwa na miadi na mtu. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na swaumu ya siku za mwanzo haina huruma, tukarudi kupanda gari.

Jumanne, 4 Machi. Ubungo

Leo tulikuwa watatu. Jirani yangu ni fundi mitambo mstaafu, mzee wa watu, anayeijua Ubungo kama alivyozaliwa nayo. Alipokewa na "Shikamoo babu" ya mpwa wangu, akajibu marahaba, na kabla hatujafika barabarani alishaanza kusimulia.

Ukisimama juu ya daraja la Kijazi kuelekea mjini, kushoto na kulia unaona historia ya nishati ya nchi hii imejipanga. Kuna jengo la Umeme Park, la shirika la umeme, ambalo sehemu yake ilivunjwa mwishoni mwa 2017 kupisha ujenzi wa barabara hizi za juu. Kuna mitambo ya Songas, megawati 189, iliyoanza kutumia gesi ya Songo Songo mwaka 2004. Gesi ile iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka 30 kabla ya kuwasha taa ya mtu. Na kuna eneo ambalo mzee alilinyooshea fimbo bila kusema kitu kwanza. Hapo ndipo ilipowekwa mitambo ya Richmond.

Kwa wasiokumbuka: mwaka 2006 ukame uliikausha Mtera, mgao ukawa wa saa nyingi mchana kutwa, na Serikali ikatafuta umeme wa dharura. Kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa megawati 100. Mitambo ilichelewa, mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans, na mvua zikanyesha kabla ya kilichoitwa dharura kuwasili chote. Wabunge waliuliza maswali, wakajibiwa, wakauliza tena. Novemba 2007 Bunge la Spika Samuel Sitta, lile lililojiita la kasi na viwango, likaunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake ilisomwa Februari 2008. Tarehe 7 mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu bungeni, na mawaziri wawili waliowahi kuishika wizara ya nishati, Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, wakaondoka naye. Baraza lote likavunjika.

"Siku ile," mzee alisema, "karakana nzima tuliacha kazi tukasimama kwenye redio. Hata bosi."

Mpwa wangu, ambaye alikuwa mtoto wa chekechea, macho yalimtoka. Hapo nikamwona ameanza kulipenda Bunge, nikaona nimmalizie hadithi kabla hajalipenda kupita kiasi. Mkataba na Dowans ulivunjwa mwaka huo huo. Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 wakashinda: shirika letu la umeme likaamriwa kulipa fidia iliyokadiriwa kuwa shilingi bilioni 94. Mitambo ile ile iliyomng'oa Waziri Mkuu ikauzwa kwa Symbion mwaka 2011, ikawashwa tena hapa hapa Ubungo, maana mgao ulikuwa umerudi.

Tulikaa kivulini tukabishana. Mzee anaona Bunge lilifanya kazi yake na walioharibu ni waliosaini. Mimi naona hivyo pia, ila nina nyongeza. Katiba, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali: kuuliza maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara, kuidhinisha mipango, kutunga sheria. Haisemi mkataba wa kununua umeme upite bungeni kabla ya wino kukauka. Kwa hiyo mbunge anaujua mkataba ukishazaa deni. Maji yakishamwagika, kamati teule hata iwe na wanasheria hodari namna gani, itabaki kupima ukubwa wa dimbwi.

Kitu ambacho watu wamekisahau katika kelele za mwaka ule ni kwamba Bunge hilo hilo, mwaka huo huo wa 2008, ndilo lililopitisha Sheria mpya ya Umeme. Hiyo ndiyo iliyomzika Mwingereza. Ikaweka utaratibu wa leseni, ikampa EWURA meno ya kupanga bei, ikafungua njia kwa wazalishaji binafsi kwa masharti yanayoandikika. Hakuna aliyejiuzulu, hakuna redio iliyozungukwa. Nikiulizwa siku gani ya 2008 wabunge waliigusa nishati kwa mkono mzito zaidi, nitaitaja siku hiyo ambayo tarehe yake hata mimi siikumbuki.

Foleni ya bajaji za gesi pale Ubungo Maziwa ilikuwa ndefu wakati tunarudi. Mzee alitaka kuanza hadithi nyingine. Adhana ya alasiri ikamkata.

Jumatano, 5 Machi. Kigamboni

Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na mji mzima unaamka ukiulizana. Dereva wa bajaji iliyotushusha Kivukoni alikuwa amejaza tangu jana usiku, "kwa tahadhari tu, mama."

Tulivuka na pantoni, shilingi 200. Ng'ambo ya pili unakutana na matangi. TIPER, iliyokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, sasa ni ghala. Bomba la TAZAMA lililojengwa 1968 linaanzia hapa kwenda Ndola, Zambia, kilomita 1,710. Sehemu kubwa ya mafuta ya nchi, na ya jirani kadhaa, hushushwa hapa Dar, na tangu kuanza kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja kampuni hazileti kila moja meli yake.

Bei ya lita inaonekana kama jambo la soko la dunia na la dola. Kwa kiasi kikubwa ndivyo. Lakini juu ya gharama ya kuleta mafuta kumekaa ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara, tozo ya nishati vijijini, tozo ya reli, na hizo ni kura za wabunge. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Nilimuuliza muuza mafuta mmoja kama anaikumbuka siku ile. Alicheka, akasema anaikumbuka kuliko siku ya harusi yake.

Kuna kisa kimoja ambacho kila nikipita Kigamboni hunijia. Miaka ile ya uchakachuaji, mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kwa ajili ya wanyonge, na wajanja wakawa wanayachanganya na dizeli. Injini za watu zikafa. Mwaka 2011 Serikali ikapendekeza na Bunge likakubali: ushuru wa mafuta ya taa upandishwe usogeane na wa dizeli. Uchakachuaji ukapungua kweli. Lakini kwa Manzese na Mbagala, ambako mama alipikia jiko la mchina na mtoto akasomea koroboi, mafuta ya taa yakawa kitu cha kufikiria mara mbili, na wengi wakasogea kwenye mkaa. Wabunge walitatua tatizo la magari kwa fedha ya majiko. Sisemi walikuwa na njia rahisi. Ninasema tulipokuja, baadaye sana, kuanza kuhubiri nishati safi ya kupikia, mlango mmoja tulikuwa tumeufunga wenyewe kwa kura.

Na upande wa pili wa mizani kuna Mei 2022. Vita ya Ukraine ilikuwa imepandisha bei mpaka nauli za daladala zikawa ugomvi. Wabunge wakaligeuza suala la mafuta kuwa la dharura, wakalijadili, wakaitaka Serikali irudi na majibu ya haraka badala ya kusubiri bajeti. Serikali ikarudi na ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa ajili ya bei za Juni. Mpwa wangu alikumbuka: nauli ya kwenda chuo. Alikubali, kwa shingo upande, kuwa hapo meza iligongwa kwa faida.

Alhamisi, 6 Machi. Salasala

Safari fupi, na ya vumbi. Tulipanda la Tegeta tukitokea Mwenge, tukashuka njiani, tukapanda kilima kidogo kuona ilipo mitambo ya kampuni binafsi ya IPTL, megawati 100 za mafuta mazito. Hakuna cha kutazama. Mageti, ukuta, nyumba mpya zimeizunguka. Mkataba wake ulisainiwa 1995, umeme ukaanza kutoka 2002, na muda mwingi katikati na baada ya hapo ulikwenda kwenye mahakama na mabaraza ya usuluhishi.

Wengi tunalijua jina la Tegeta kwa neno lililoambatana nalo, Escrow. Mvutano wa malipo ulifanya fedha ziwekwe kwenye akaunti Benki Kuu tangu 2006, na zilipotolewa, zaidi ya shilingi bilioni 300, David Kafulila alisimama bungeni kuuliza. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake Zitto Kabwe na makamu Deo Filikunjombe, ikasoma taarifa. Bunge likapitisha maazimio manane. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, na Januari 2015 Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, naye akajiuzulu. Desemba ya mwaka huo huo Profesa Muhongo alirudishwa kwenye wizara ile ile na Rais mpya. Mpwa aliuliza kama hilo linaruhusiwa. Linaruhusiwa. Azimio la Bunge si hukumu, na mwenye kuteua mawaziri hayuko bungeni.

Kwenye daladala ya kurudi nilimweleza kisa cha Julai 2011, ambacho nakiona kikubwa kuliko vyote viwili. Mgao wa mwaka ule nilikuwa nikisahihisha mitihani kwa mshumaa na kusikiliza Bunge kwa redio ya betri. Bajeti ya Nishati ilipofika, wabunge wa pande zote waliikataa kwa maneno yaliyo wazi: hakuna mpango wa kumaliza giza. Kisha Beatrice Shellukindo akasimama na barua iliyotoka wizarani, ikizitaka taasisi zilizo chini yake zichangie fedha za kuwezesha bajeti ipite. Waziri William Ngeleja na Serikali wakaiondoa bajeti mezani. Ilirudi Agosti ikiwa na mpango wa dharura wa umeme. Hapo hakuna mkataba uliokuwa umezeeka. Wabunge waliigeuza hatua ya Serikali kabla fedha haijatoka, na silaha yao ilikuwa kutokusema ndiyo.

"Kwa nini hawafanyi hivyo kila mwaka?" akauliza.

Abiria wa pembeni, kijana mwenye sare ya ulinzi, alijibu kabla yangu: "Hawataki kurudi kwetu mapema." Yuko karibu na ukweli kuliko anavyojua. Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Ibara ya 99 inawazuia wabunge kujiongezea matumizi ambayo Serikali haikuleta. Kinachobaki ni kushika shilingi: vifungu vinapopitishwa, mbunge asiyeridhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Waziri huahidi, shilingi hurudishwa, saa nayo huwa imekwenda, vifungu vilivyobaki vinapita kwa mkupuo. Nimezisikiliza ahadi hizo kwa miaka. Nyingine zilitimia.

Ijumaa, 7 Machi. Kinyerezi

Tabata, Segerea, Kinyerezi. Mitambo inaonekana mbali kabla ya kufika, na ngurumo yake unaizoea baada ya dakika chache. Kinyerezi I ilianza na megawati 150, ikaongezewa 185. Kinyerezi II ni 240. Gesi inakuja kwa bomba la inchi 36 kutoka Mtwara, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kuzinduliwa na Rais Kikwete Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi.

Bomba hili ni somo la nishati ambalo silabasi yangu haikuwa nalo. Januari 2013 watu wa Mtwara waliandamana wakiuliza gesi yao inasafirishwa vipi kwenda Dar wakati wao wamebaki na ahadi. Mei 22 mwaka huo, siku bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, vurugu zikalipuka tena na watu wakapoteza maisha. Wabunge wa kusini walikuwa wamekaa katikati: chama chao na Serikali upande huu, wapiga kura upande ule. Nimekaa leo kwenye mgahawa uliofungwa kwa ajili ya mfungo, mwenyewe ametuachia benchi, nikijiuliza kama kuna chombo kingine cha kupokea swali la Mtwara kabla halijawa moshi. Sikukiona. Mbunge alikuwa ndiye chombo, na bomba liliamuliwa kabla yeye hajaulizwa.

Julai 2015 ikaja Miswada mitatu kwa pamoja: Sheria ya Petroli, Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, na ile ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi. Ilikuja kwa hati ya dharura, Bunge likiwa ukingoni mwa uhai wake. Wapinzani wakataka muda, kelele zikawa kubwa, Spika Anne Makinda akasimamisha baadhi yao, wengine wakatoka nje. Sheria zikapita. Kilichoamuliwa ndani ya siku chache hizo ni nani msimamizi wa mkondo wa juu, yaani utafutaji na uchimbaji, shirika la mafuta la taifa, TPDC, liwe na nafasi gani, mapato ya gesi yawekwe kwenye mfuko wa namna gani. Nchi ina gesi, baharini na nchi kavu, inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Kwa utajiri wa kiasi hicho, mimi ningeipa Miswada ile mwaka mzima wa kuzungushwa kila mkoa. Mwaka 2017 zikapitishwa nyingine, pia kwa mwendo wa haraka: moja ya umiliki wa rasilimali za nchi, nyingine inayolipa Bunge nafasi ya kupitia mikataba ya maliasili na kuelekeza masharti yenye hila yajadiliwe upya.

Mpwa alikuwa na kifungu hicho cha mwisho kwenye simu yake. Alikisoma mara mbili. "Kwa hiyo hapa wamepewa ufunguo wa mkataba." Wamepewa, kwa mikataba ya maliasili. Hata hivyo sheria inazungumza mkataba ukishafungwa, na mradi wa kuchakata gesi kimiminika kule Lindi bado uko kwenye mazungumzo tangu tukiwa tunafundisha na chaki.

Mzee wetu, ambaye alikuja leo pia kwa kuwa hakuna aliyemkataza, alitukumbusha kuwa mitambo hii yote inayotunguruma ni midogo mbele ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja, mkataba wa Desemba 2018, shilingi trilioni 6.5, mashine ya kwanza ikawashwa Februari 2024. Nilimuuliza Bunge liliingia wapi. "Kila Juni," alijibu. Ndivyo. Wazo lilikuwa la miongo mingi, msukumo ulikuwa wa Rais Magufuli, lakini trilioni zile zilitoka kwa kura ya kila mwaka, na waliotaka kupinga kwa sababu ya Selous au gharama walikuwa wachache mno kuzuia kifungu. Umeme upo. Mimi naona hata jambo lililofanikiwa lilistahili mjadala mrefu zaidi, mzee anaona naongea kama mtu ambaye hakuwahi kushika spana.

Jumamosi, 8 Machi. Tandale na ofisi ya mbunge

Mama muuza mkaa wa Tandale hupima kwa kopo, na mwezi huu kopo linakwenda haraka kwa sababu ya futari: maharage, kunde, mihogo ya nazi, vitu visivyotaka moto wa pupa. Pembeni ya magunia yake kulikuwa na mtungi mdogo wa gesi, mtupu. Aliupata kwenye mgawo, mwaka wa uchaguzi mitungi ni mingi. "Uliisha ndani ya mwezi, dada, na kujaza ni hela ya mkupuo. Mkaa nanunua wa leo."

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa hapa Dar Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Ni waraka wa Serikali, haukupigiwa kura. Lakini bei ya kujaza mtungi itapanda au kushuka kwa Sheria ya Fedha, na hiyo ni ya wabunge. Kugawa mtungi kunapigwa picha. Kupunguza kodi ya mita, ya vali au ya gesi yenyewe kunafanyika usiku kwenye jedwali la marekebisho, hakuna picha. Ningetaka mbunge wangu apungukiwe picha kidogo.

Ofisi yake tuliifikia saa nane. Mwenyewe yuko ziarani, kwa kuwa Machi ni mwezi wa kamati kukagua miradi kabla ya Bunge la bajeti la Aprili. Alitupokea katibu wake, mtu mchangamfu, mwenye daftari la kero lililojaa. Alituambia wenzao wa majimbo ya vijijini wana raha: REA imepeleka mradi wa vitongoji 15 kwa kila jimbo, mbunge anataja majina ya vitongoji na wananchi wanapiga makofi. Nchi ina vijiji 12,318 na karibu vyote vimefikiwa, sasa ni zamu ya vitongoji zaidi ya 64,000. "Sisi mjini tutasimama na nini, mwalimu? Nguzo zipo, waya upo, mzigo ndio umezidi."

Nilimwachia karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu: mtaa wetu zamani ulikuwa wa nyumba za chini, sasa ni wa ghorofa, na transfoma ni ile ile, je, mpango wa kuziongeza uko kwenye bajeti ijayo? Ya pili ilikuwa ya mpwa: je, Serikali iko tayari kuleta mikataba ya kununua umeme na gesi mbele ya Kamati ya Nishati na Madini kabla ya kusainiwa?

Katibu alizisoma zote kwa makini. Ya transfoma akaigonga mhuri na kuiweka juu ya rundo. "Hii itaulizwa. Nipe jina la mtaa na la mwenyekiti wenu." Ile nyingine aliigeuza, akatafuta maneno ya kumwambia kijana bila kumvunja moyo, akasema hiyo inafaa iende kwenye kamati yenyewe kama maoni ya wadau, kwa maandishi, kupitia Katibu wa Bunge, Dodoma.

Mpwa aliirudisha kwenye mkoba. Njiani aliniuliza kama Jumatatu posta ya Ubungo inafungua saa mbili, na kama namfahamu mtu mwenye nakala ya Kanuni za Bunge, maana anataka kuongeza ukurasa wa pili.